Mbegu Zisisagwe: Fani, Maudhui na Dhamiri katika Sanaa ya Käthe Kollwitz (1867–1945)

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa tangu miaka ya sabini ya karne ya ishirini, umelijadili kwa kina suala la uhusiano baina ya fani na maudhui. Wapo waliodai kwamba maudhui ndiyo roho ya kazi ya sanaa na kwamba fani ni vazi tu. Wapo pia walioshikilia kwamba pasipo fani hapana sanaa, bali hotuba. Sambamba na mjadala huo limezuka swali la wajibu wa msanii kwa jamii yake: je, msanii anayejitambulisha na wanyonge hutimiza wajibu wake kwa kuwataja wanaowaonea, au kuna jambo zaidi analopaswa kulitenda? Maswali haya aghalabu yamejibiwa kwa mifano ya tamthilia, riwaya na ushairi. Makala haya yanayatazama kupitia sanaa jirani, yaani sanaa ya picha za chapa na uchongaji, kwa kuchunguza maisha na kazi za Käthe Kollwitz, msanii wa Ujerumani.

Kollwitz anastahili kuangaliwa na mhakiki wa fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, kazi zake kuu zilichipuka kutokana na matini: tamthilia ya Gerhart Hauptmann, historia iliyoandikwa na Wilhelm Zimmermann, na sentensi moja kutoka riwaya ya Goethe. Pili, aliishi muda mrefu wa kutosha kuona imani aliyoianza nayo ikijaribiwa na kifo cha mwanawe, kifo ambacho yeye mwenyewe alikuwa na mkono ndani yake. Hoja ya makala haya ni kwamba mabadiliko makubwa katika sanaa ya Kollwitz hayakuwa ya mada, kwani tangu mwanzo hadi mwisho alichora mama, mtoto na kifo. Mabadiliko yalikuwa katika mahali anapoiweka lawama, na mabadiliko hayo hayawezi kuelezwa bila kufuatilia jinsi alivyobadilisha fani.

Malezi na Chaguo la Fani

Käthe Schmidt alizaliwa tarehe 8 Julai 1867 mjini Königsberg, Prussia ya Mashariki, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Babu yake mzaa mama, Julius Rupp, alikuwa mhubiri aliyeanzisha usharika huru nje ya kanisa rasmi la dola. Baba yake, Carl Schmidt, alisomea sheria, lakini akaiacha kwa sababu ya misimamo yake ya kisiasa, akawa mwashi na mjenzi. Katika nyumba hiyo, dini ilimaanisha dhamiri, na siasa ilimaanisha ujamaa wa kidemokrasia. Mambo haya mawili hayakumtoka binti huyo maishani mwake.

Baba aliitambua mapema karama ya bintiye, akamgharimia masomo. Hata hivyo, vyuo vikuu vya sanaa vya serikali havikuwapokea wanawake wakati huo, kwa hiyo alisoma katika shule za sanaa za wanawake mjini Berlin na München. Huko Berlin mwalimu wake, Karl Stauffer-Bern, alimwelekeza kwenye kazi za Max Klinger. Katika insha yake ya 1891 kuhusu uchoraji wa rangi na michoro, Klinger alidai kwamba kila fani ina uwanja wake: rangi huusifu ulimwengu unaoonekana, ilhali mchoro na chapa za weusi na weupe ndizo zinazofaa kwa mawazo, ukosoaji na upande wa giza wa maisha. Kwa mtu aliyezoea nadharia za fasihi, hili ni dai kuhusu tanzu: kwamba utanzu si chombo kitupu, bali hubeba mtazamo fulani wa ulimwengu hata kabla msanii hajausema. Kollwitz alilikubali dai hilo, akaiacha rangi.

Mwaka 1891 aliolewa na Karl Kollwitz, daktari aliyewatibu wafanyakazi waliokuwa katika bima ya afya. Wakahamia kaskazini mwa Berlin, mtaa wa watu maskini, na hapo wakaishi kwa zaidi ya miaka hamsini. Watoto wao wawili wa kiume, Hans na Peter, walizaliwa 1892 na 1896. Wagonjwa wa mumewe, hasa wanawake waliokuja na matatizo ambayo dawa haikuweza kuyatibu, ndio waliompa nyuso alizozichora.

Kutoka Jukwaani hadi Kwenye Bamba

Mwezi Februari 1893 Kollwitz alihudhuria onyesho la kwanza la tamthilia ya Hauptmann, Die Weber, yaani Wafumaji. Lilikuwa onyesho la faragha la chama cha Freie Bühne, kwa sababu polisi walikuwa wamepiga marufuku tamthilia hiyo isionyeshwe hadharani. Tamthilia hiyo inahusu uasi wa wafumaji wa Silesia mwaka 1844. Upya wake kifani ulikuwa katika kukosa shujaa: mhusika mkuu ni umati, na wahusika huingia na kutoka bila mmoja wao kuitawala hadithi. Wakati huo Kollwitz alikuwa ameanza mfululizo wa picha kuhusu riwaya ya Émile Zola, Germinal. Aliuweka kando, akaanza kazi nyingine iliyomchukua miaka minne.

Mfululizo wa Uasi wa Wafumaji, uliokamilika 1897, una picha sita: Dhiki, Kifo, Mashauriano, Maandamano, Shambulio na Mwisho. Majina hayo peke yake yanaonyesha kwamba Kollwitz hakuwa mchoraji wa picha za kupambia kitabu. Hakufuata matendo ya tamthilia moja baada ya jingine, bali aliunda msuko wake mwenyewe. Hauptmann anaanzia ofisini mwa tajiri, ambako wafumaji wanapimiwa kazi yao na kukatwa ujira. Kollwitz anaanzia chumbani, ambako mama ameshika kichwa kwa mikono yote miwili mbele ya mtoto mgonjwa, na mtambo wa kufumia umejaza nafasi iliyobaki. Hauptmann anamalizia kwa risasi inayompiga mzee asiyeunga mkono uasi. Kollwitz anamalizia katika chumba kilekile cha mfumaji: maiti zimelazwa sakafuni, nyingine inaingizwa mlangoni, na mwanamke amesimama wima huku amekunja ngumi. Hivyo basi, uasi unaanzia nyumbani na kurudi nyumbani, na anayeubeba mwanzo na mwisho ni mwanamke. Hata katika Maandamano, miongoni mwa wanaume waliobeba mashoka, jicho la mtazamaji linavutwa na mama anayetembea na mtoto aliyelala mgongoni.

Hapa panafaa kutolewa tahadhari kwa mhakiki anayependa kuona maana katika kila chaguo la fani. Picha tatu za kwanza za mfululizo huu ni chapa za jiwe, au litografia, ambapo mchoro hufanywa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini, na wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Tatu za mwisho ni chapa za bamba la chuma lililoliwa na asidi. Ingekuwa rahisi kudai kwamba jiwe linafaa giza la chumba na asidi inafaa ukali wa vita. Ukweli, kama Kollwitz mwenyewe alivyoeleza baadaye, ni kwamba majaribio yake ya kwanza ya asidi hayakufaulu kwa sababu alikuwa hajaimudu mbinu hiyo. Fani wakati mwingine huamuliwa na uwezo wa mkono. Linalohitaji kuchunguzwa ni lile analolifanya msanii pindi mkono unapokuwa huru.

Chaguo jingine, hata hivyo, lilikuwa la makusudi. Kollwitz alikuwa ametayarisha picha ya saba ya kufungia mfululizo, picha ya kiistiari yenye maiti na sura za mateso ya umma, ambayo ingemweleza mtazamaji maana ya yote aliyoyaona. Aliiondoa. Mfululizo ukabaki bila mhubiri, na Mwisho ukawa mwisho kweli. Uamuzi huo ni somo muhimu kwa mwandishi yeyote wa fasihi ya kijamii, kwa kuwa msanii aliyekuwa na ujumbe alikataa kuurudia ujumbe huo kwa sauti.

Mfululizo huo ulipoonyeshwa Berlin mwaka 1898, waamuzi, akiwemo mchoraji mashuhuri Adolph Menzel, walipendekeza atunukiwe medali ndogo ya dhahabu. Kaizari Wilhelm II alikataa kuidhinisha. Mwaka uliofuata Kollwitz alipewa medali mjini Dresden. Jina lake lilikuwa tayari limekwisha kujulikana, na lilijulikana pamoja na kukataliwa huko.

Wakulima na Mwanamke Aliyetupa Mgongo

Mfululizo wa pili, Vita vya Wakulima, ulimshughulisha kati ya 1902 na 1908. Chanzo chake kilikuwa historia ya Zimmermann kuhusu uasi wa wakulima wa Ujerumani wa 1524 hadi 1525, na hasa habari za mwanamke aliyejulikana kama Anna Mweusi, aliyewachochea wakulima kupigana. Picha maarufu zaidi ya mfululizo huo, Mlipuko, inamwonyesha Anna akiwa ametupa mgongo, mikono ameinua juu, na umati wa wakulima ukipita mbele yake kama mto uliovunja kingo. Hatuuoni uso wake. Kwa kuuficha uso, Kollwitz anamweka mtazamaji nyuma ya Anna, ndani ya uasi, badala ya kumpa nafasi ya kuutazama kutoka nje.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka hapa Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, tamthilia inayorudi katika Vita vya Maji Maji ili kuuliza ni nini thamani ya neno linalowainua watu na kuwapeleka kwenye kifo. Ulinganisho huu haukulazimishwa. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya 1905 na 1907 dhidi ya dola ileile ya Kaizari, katika miaka ileile ambayo Kollwitz alikuwa akiwachora wakulima wa karne ya kumi na sita. Vita vyote viwili vilishindwa, na wasanii wote wawili walijua hivyo kabla ya kushika kalamu. Tofauti ni kwamba Hussein anaiweka shaka kifuani mwa kiongozi mwenyewe. Kinjeketile anaogopa neno alilolitoa. Anna wa Kollwitz, mwaka 1903, hana shaka. Shaka hiyo ilimjia msanii mwenyewe baadaye, naye hakuisoma kitabuni.

Ishara za mbali za jambo hilo zimo tayari katika kazi za wakati huo. Katika picha iitwayo Uwanja wa Vita (1907), mama anainama usiku na taa mkononi akitafuta miongoni mwa maiti, na mwanga unaangukia mkono wake unaougusa uso wa kijana. Kabla ya hapo, mwaka 1903, Kollwitz alikuwa amechora Mwanamke na Mtoto Aliyekufa, picha ya mama aliyeukumbatia mwili kwa nguvu kiasi cha kuonekana kama mnyama anayetaka kuurudisha tumboni. Alijichora mwenyewe kwa kutumia kioo, na mtoto aliyempakata alikuwa Peter, wakati huo akiwa na umri wa miaka saba. Mhakiki hana haki ya kuiita picha hiyo utabiri. Hata hivyo, ni vigumu kuitazama bila kukumbuka yaliyofuata.

Mwaka 1914

Vita vilipoanza Agosti 1914, Peter alikuwa na umri wa miaka kumi na minane, naye alitaka kujitolea jeshini. Kwa kuwa hakuwa amefikia umri wa utu uzima kisheria, alihitaji idhini ya baba. Karl Kollwitz alikataa. Peter alimtazama mama, na mama akamwombea kwa baba. Idhini ikatolewa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba 1914, Peter aliuawa karibu na Diksmuide nchini Ubelgiji.

Umuhimu wa tukio hili kwa uhakiki hautokani na huzuni yake tu. Mamilioni ya akina mama walifiwa katika vita hivyo. Linalomtofautisha Kollwitz ni kwamba alikuwa amejenga sifa yake juu ya picha za akina mama wanaonyang'anywa watoto na nguvu za nje: njaa, tajiri, bwana wa shamba, jeshi. Katika picha hizo mama hana hatia. Sasa alikuwa mama aliyefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Shajara zake za miaka iliyofuata zinaonyesha kwamba hakulikubali jambo hilo mara moja. Kwa muda mrefu alijaribu kuamini kwamba kafara ya Peter ilikuwa na maana, kwa sababu kuikana maana hiyo kulionekana kwake kama kumkana mtoto. Uaminifu kwa mwana na uaminifu kwa ukweli vilipingana, na ilimchukua miaka mingi kuvitenganisha.

Mnamo Oktoba 1918, vita vikiwa vimekwisha kushindwa, mshairi Richard Dehmel alitoa mwito wa kuwataka Wajerumani zaidi wajitolee kupigana. Kollwitz alimjibu hadharani katika gazeti la Vorwärts. Alisema kwamba waliokufa walikuwa wametosha, akaifunga barua yake kwa maneno ya Goethe kuhusu mbegu ambazo hazipaswi kusagwa. Maneno hayo yametoka katika riwaya ya Wilhelm Meister, iliyochapishwa 1795 na 1796, mahali ambapo kijana anapewa waraka wa kuhitimu mafunzo. Katika muktadha wa Goethe, mbegu ni mafundisho ya sanaa: yapo maarifa yanayoliwa leo, na yapo yanayopaswa kutunzwa ili yapandwe kesho. Kollwitz aliichukua istiari ya elimu akaifanya istiari ya miili. Mbegu sasa ni vijana, na anayesaga ni taifa. Huu ni mfano bora wa mwingiliano wa matini: matini ya zamani hairudiwi, bali inalazimishwa kulipa deni ambalo mwandishi wake hakulijua.

Patasi na Mbao

Januari 1919 mwanasiasa Karl Liebknecht aliuawa mjini Berlin, na familia yake ikamwomba Kollwitz aje mochari kumchora. Hakuwa mfuasi wa chama cha Liebknecht, na alisisitiza kwamba msanii ana haki ya kuchora majonzi ya wafanyakazi bila kuwa amekubali siasa za marehemu. Kauli hiyo inawahusu wahakiki wanaopima kazi kwa kadi ya chama ya mtunzi. Alijaribu kuifanya picha hiyo kwa bamba la asidi, kisha kwa jiwe, na mara zote hakuridhika. Mwaka 1920 aliona chapa za mbao za Ernst Barlach katika maonyesho mjini Berlin, akatambua njia aliyokuwa akiitafuta. Ukumbusho wa Liebknecht ulikamilika mwaka huo kwa mbao.

Chapa ya mbao hufanywa kwa kuondoa. Msanii huchukua patasi na kuchonga sehemu ambazo zitakuwa nyeupe, na kile kinachobaki ndicho kinachopokea wino. Hakuna kijivu chepesi, hakuna ukungu, wala hakuna vitu vidogovidogo vya kumstarehesha mtazamaji. Kilichokatwa hakirudi. Mbinu ya asidi, ambayo Kollwitz alikuwa bingwa wake sasa, ilimruhusu kuonyesha kila mkunjo wa nguo na kila kifaa cha chumbani. Ni fani ya ushahidi, inayofaa kuonyesha hali ya uchumi na mazingira yanayomkandamiza mtu. Lakini kwa mtu anayetaka kukiri jambo, ushahidi wa mazingira unaweza kuwa kisingizio. Mbao iliviondoa vyote.

Mfululizo wa Vita, chapa saba za mbao za 1921 na 1922 zilizotolewa 1923, ndio ushahidi mkuu wa hoja ya makala haya. Picha zake ni Kafara, Waliojitolea, Wazazi, mbili zenye jina la Mjane, Akina Mama, na Umma. Ni mfululizo kuhusu vita usio na uwanja wa vita, usio na adui, usio na jemadari. Picha ya kwanza inamwonyesha mama aliye uchi akimwinua mtoto mchanga na kumtoa. Hakuna anayemnyang'anya. Katika ya pili, Kifo kinapiga ngoma, na vijana wanakifuata kwa nyuso zilizolevywa. Aliye karibu kabisa na Kifo ni Peter. Katika ya tatu, mama na baba wamepiga magoti, wameungana kama jabali moja jeusi, na uso wa baba umefunikwa na mkono wake.

Ukilinganisha mfululizo huu na Wafumaji, utaona jinsi lawama ilivyohama. Mwaka 1897 swali lilikuwa: ni nani anayewaua watoto wetu? Jibu lilikuwa nje ya chumba, nyuma ya lango la chuma la tajiri ambalo waasi wanalishambulia. Mwaka 1922 swali ni: ni nani aliyewatoa? Lango halipo tena katika picha. Hii haimaanishi kwamba Kollwitz aliacha kuwalaumu watawala. Katika miaka hiyohiyo alitengeneza mabango ya kupinga njaa na, mwaka 1924, bango la Vita Visirudi Tena kwa ajili ya kongamano la vijana wa kisoshalisti mjini Leipzig. Mabango hayo aliyachapa kwa jiwe, fani ya haraka na rahisi kusambaza. Kwa hiyo alizigawa kazi mbili baina ya fani mbili: jiwe lilisema na umma, mbao ilisema na dhamiri. Mhakiki anayetaka kumwainisha kama msanii wa propaganda tu, au kama msanii wa huzuni ya binafsi tu, atalazimika kutupa nusu ya kazi zake.

Wazazi Wanaopiga Magoti

Tangu Desemba 1914 Kollwitz alikuwa amekusudia kumjengea Peter sanamu ya ukumbusho. Wazo la kwanza lilikuwa mwili wa kijana aliyelala, na wazazi wake kando. Alifanya kazi kwa miaka kadhaa, akaiacha 1919, akairudia katikati ya miaka ya ishirini. Hatimaye mwana akaondolewa. Walibaki wazazi wawili wa granaiti, kila mmoja juu ya jiwe lake. Baba amepiga magoti, mgongo umenyooka, mikono imejikumbatia kana kwamba anajizuia asivunjike. Mama ameinama hadi karibu kuanguka. Hawagusani. Sanamu hizo ziliwekwa Julai 1932 katika makaburi ya Roggevelde nchini Ubelgiji, alikozikwa Peter, na miaka ya hamsini zilihamishiwa Vladslo pamoja na makaburi hayo. Vladslo wamezikwa askari zaidi ya 25,000 wa Ujerumani.

Miaka kumi na minane kwa sanamu mbili ni muda unaohitaji maelezo, na maelezo ya kiufundi hayatoshi. Sanamu ya kijana aliyelala ingekuwa sanamu ya shujaa, na shujaa huhitaji sababu ya kufa. Kadiri Kollwitz alivyoiacha sababu hiyo, ndivyo mwili wa shujaa ulivyokosa nafasi. Wazazi waliobaki wanatazama makaburi ya vijana wote, na magoti yao yanaweza kusomwa kama maombolezo au kama kuomba msamaha. Hakuna maandishi ya kumwongoza mtazamaji achague. Kama alivyoiondoa picha ya saba ya Wafumaji, ndivyo alivyouondoa mwili wa mwanawe, na mara zote mbili kilichoondolewa kilikuwa maelezo.

Jiwe la Mwisho

Kollwitz alichaguliwa mwaka 1919 kuwa mwanachama wa Chuo cha Sanaa cha Prussia. Februari 1933, baada ya yeye na mwandishi Heinrich Mann kutia sahihi mwito wa kuvitaka vyama vya mrengo wa kushoto viungane dhidi ya Wanazi, walilazimishwa kujiuzulu. Mwaka 1936 alihojiwa na polisi wa siri wa Hitler, na kazi zake zikazuiwa kuonyeshwa. Mumewe alifariki 1940.

Kazi yake ya mwisho ya chapa, litografia aliyoikamilisha mwanzoni mwa 1942, ina jina la maneno yaleyale ya Goethe: Mbegu Zisisagwe. Mwanamke mzee mwenye mabega mapana amewafunika wavulana watatu kwa mikono yake. Wavulana hawaogopi. Wanachungulia nje kwa udadisi, wanataka kutoka, na mmoja anaonekana karibu kucheka. Nguvu ya mwanamke inawazuia wao kama inavyomzuia adui. Hapa ndipo mzunguko ulioanza 1914 unapokamilika, kwani mama aliyewahi kumwombea mwanawe ruhusa ya kwenda sasa ni bibi anayekataa kuinua mikono. Ni muhimu pia kwamba alirudi kwenye jiwe, fani ya mabango. Alilolikiri faraghani kwa mbao alitaka sasa kulisema na umma, ingawa umma haukuruhusiwa kuliona. Septemba 1942 mjukuu wake, ambaye pia aliitwa Peter, aliuawa vitani nchini Urusi. Nyumba yake ya Berlin iliteketezwa kwa mabomu Novemba 1943. Yeye mwenyewe alifariki Moritzburg tarehe 22 Aprili 1945, siku chache kabla ya vita kuisha Ulaya.

Hitimisho

Mwaka 1993 serikali ya Ujerumani iliyoungana iliweka katika jengo la Neue Wache mjini Berlin nakala iliyokuzwa ya sanamu ndogo ya Kollwitz ya mama na mwana aliyekufa, iwe ukumbusho wa taifa kwa wahanga wa vita na udhalimu. Uamuzi huo ulizua ubishi mkubwa. Wapinzani walisema kwamba mama anayeomboleza anawafunika pamoja waliouawa na waliowaua, na kwamba umbo hilo la Kikristo haliwezi kuwasemea Wayahudi walioangamizwa. Pingamizi hilo lina uzito, nalo linaipa nguvu hoja iliyoendelezwa hapa. Sanamu iliyokuzwa na kutolewa katika mfululizo wa kazi za Kollwitz hubaki na majonzi, ila inapoteza ukiri. Dola iliyachukua maudhui ya huzuni na kuiacha njia ya fani iliyomfikisha msanii kwenye kujihoji.

Kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mfano huu unadokeza kwamba swali la wajibu wa msanii halijibiwi kwa kutaja tu upande aliosimama. Kollwitz alisimama na wanyonge tangu 1893, na upande huo hakuuacha. Hata hivyo, kazi zake zenye uzito zaidi zilikuja pale alipogundua kwamba kusimama upande sahihi hakukumzuia kutoa idhini isiyo sahihi, na alipotafuta fani ambayo haingemruhusu kulificha jambo hilo. Kazi nyingi za fasihi ya kijamii katika Afrika Mashariki bado zinaandikwa kutoka mbele ya lango la tajiri. Ni vyema uhakiki uanze kuziuliza pia swali la 1922, na kuchunguza ni kazi zipi ambazo fani yake inaweza kulistahimili.